Kinubi Kilichofungwa kwa Kamba za Kitanda

Baada ya arobaini ya baba tulifungua sanduku lake la vyombo vya kazi. Kaka zangu walikuwa wanagawana randa na misumeno. Mimi nikaokota kopo moja jeusi lililokuwa limesahauliwa pembeni, nikabandua kifuniko chake kwa ncha ya bisibisi, na harufu ikanipanda puani kabla sijaona kilichomo ndani. Gundi ya ngozi. Imekauka, imepasukapasuka, lakini harufu ni ileile.

"Litupe hilo," kaka akasema. "Linanuka kama kwato."

"Liache," nikamwambia.

Nyie mliokulia Keko, au popote palipokuwa na maseremala wa zamani, mnaijua harufu hiyo. Waliokuja baadaye hawaijui, kwa hiyo nieleze kidogo. Gundi hii ilikuja katika vipande vikavu vya rangi ya kahawia, mtu angeweza kudhani ni sukari guru. Fundi aliviloweka, kisha akaviyeyusha polepole ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto. Ikipakwa na kukauka, mbao mbili zinakuwa ubao mmoja. Ukipiga nyundo utavunjika ubao pembeni na kiungo kitabaki. Ina adui mmoja tu, naye ni yuleyule aliyeiyeyusha mwanzo. Imwagie maji ya moto, itaachia.

Jambo hilo baba alikuwa hajanieleza bado. Nilikuwa na miaka minane, labda tisa.

Karakana yetu ilikuwa mbele ya nyumba, bati juu, pande tatu mabanzi, upande wa barabarani wazi. Baba alitoka Lindi akiwa kijana, na kazi yake kubwa ilikuwa vitanda vya kamba. Yeye alichonga matendegu, yaani miguu ya kitanda, na mifumbati ya ubavuni, mama akasokota kamba na kuviwamba. Mwenza wake karakanani alikuwa Mzee Pazi, Mzaramo mwenye mdomo usiopumzika.

Siku kile kitu kilipoletwa, kilikuja kwenye mkokoteni, kimefunikwa shuka, na nyuma yake wanatembea mume na mke kama wanaosindikiza mgonjwa. Mume alikuwa Bwana Anselmi, karani wa bandarini, Mnyamwezi mrefu mwenye miwani. Mke alikuwa Mwalimu Bertha, aliyefundisha shule ya msingi jirani na kwetu. Walikaa Chang'ombe, na hawakuwa na mtoto. Hilo nililijua kutoka bombani, kwa sababu wanawake waliopanga foleni ya maji hawakuona shida kulisema mbele yetu.

Shuka lilipotolewa, Mzee Pazi alikuwa wa kwanza.

"Mtani! Huu ni mtego wa fisi au umetuletea lango la boma lenu?"

"Mzaramo hawezi kujua," Bwana Anselmi akajibu bila kucheka. "Kwenu chombo cha muziki ni debe."

"Debe langu halijawahi kuletwa hospitali kwa mkokoteni."

Walicheka, hata Mwalimu alitabasamu. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama. Mbele yangu palikuwa na fremu ya mbao iliyopinda kama bega, ndefu kumpita baba, na ndani yake kamba nyingi nyembamba zimevutwa kutoka juu hadi chini. Nilikuwa binti wa mwamba vitanda. Kitu chenye fremu na kamba kilikuwa na jina moja tu katika maisha yangu. Hiki kilikuwa kitanda. Kidogo, cha ajabu, kimesimama wima, lakini kitanda.

Kilikuwa kinubi. Bwana Anselmi alikulia misheni, na padri mmoja mzee alimfundisha kukipiga tangu utotoni. Padri aliporudi kwao Ulaya alimwachia. Mwalimu Bertha alikuwa mwimbaji wa kwaya aliyekutana naye hukohuko, na tangu waoane walikuwa wakipiga na kuimba pamoja, yeye sauti na mume nyuzi, nyimbo za kale za Ulaya zilizohitaji miaka ya kujifunza. Kila baada ya miezi michache waliimba kwenye ukumbi wa parokia. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuwasikia. Tulikuwa Waislamu, na ukumbi ule haukuwa njia yetu.

Joto na unyevu wa Dar vilikuwa vimekifungua kinubi pale chini, mahali shina lake linapokutana na kikalio. Kiungo kilipumua wazi, kidole kiliingia.

"Fundi," Bwana Anselmi alisema, "sitaki kukuharakisha. Ila tunakihitaji Jumapili ijayo."

"Kuna harusi?"

Mume akamtazama mkewe. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyejibu. Alishusha kidogo mtandio aliokuwa ameuzungusha shingoni, na tukaona uvimbe, mkubwa kama limau.

"Jumatatu yake naingia hospitali, wakate hiki. Daktari amesema kimekaa vibaya, kimelalia kamba za sauti. Huenda nikaamka na sauti, huenda nisiamke nayo. Nataka niimbe na mume wangu kabla."

Mzee Pazi aliinama akaanza kuokota maranda sakafuni.

"Jumapili kitaimba," baba akasema.

Kabla ya kuondoka, Mwalimu alikisogelea kinubi. Aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya ubao wa kifuani, akainamisha kichwa hadi shavu likagusa mbao, na mume akagusa uzi mmoja. Mwalimu akaimba kidogo sana, mdomo umefungwa. Nilikuwa nimemwona mama akifanya hivyohivyo mdogo wangu alipokuwa na homa. Kiganja kifuani, shavu karibu, wimbo wa puani. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Hawa watu hawana mtoto. Kuna mmoja wanamngoja. Hiki ndicho kitanda chake, na wanakiimbia ili aje.

Wenzangu, mtoto haulizi anapokuwa ameshaelewa. Nawaambia hivi kwa sababu nimefundisha watoto miaka mingi, na mara zote kosa kubwa la darasani linafanywa na mtoto mwenye uhakika.

Baba alifanya kazi ile kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona akivifanyia vitanda. Alilegeza nyuzi moja baada ya nyingine kwa ufunguo mdogo aliopewa, akakwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akabana kwa jiriwa zote alizokuwa nazo. Alhamisi Bwana Anselmi alikuja akazikaza nyuzi nusu. Akaeleza kwamba nyuzi zile nyembamba za juu ni utumbo wa kondoo uliosokotwa, na zile nene za chini zimezungushiwa waya. Baba akauliza zikikatika zinanunuliwa wapi.

"Hazinunuliwi, fundi. Zilikuwa zinatoka kwa padri, na padri amekufa."

Mnakumbuka siku zile. Sabuni yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni kwenye duka la ushirika.

"Basi tuiache gundi ipumzike mpaka Jumamosi," baba akasema.

Sasa, Ijumaa kwetu ilikuwa siku ya kunguni. Mama alitoa vitanda vyote nje, akachemsha birika baada ya birika, akamimina maji kwenye kamba na kwenye maungio ya matendegu, maana kunguni wanapenda kujificha kwenye maungio. Kisha vitanda vikaanikwa juani. Kamba zikikauka zinajivuta, kitanda kinakuwa kikavu na kimekaza kama kipya. Nilikuwa nikimsaidia tangu nina miaka sita. Nilijua kumimina bila kuungua.

Baba na Mzee Pazi walikwenda msikitini. Mama alimaliza vitanda vyetu, akaingia ndani kumnyonyesha mdogo wangu, birika moja likabaki jikoni linachemka. Nikakumbuka kile kitanda kimoja kilichobaki. Nikamfikiria yule mtoto akija kutoka huko anakotoka, amechoka, analazwa, na usiku wa kwanza tu analiwa na kunguni wa Keko. Niliona aibu kwa niaba ya mtaa mzima.

Nikapanda kwenye benchi la kazi. Nikamimina kwenye kamba, kuanzia juu, polepole kama nilivyofundishwa. Nikashuka, nikamimina kwenye maungio ya chini mpaka birika likaisha. Na zile kamba za juu zikaanza kulia. Pa! Kimya. Pa! Pa! Nikajua ni kunguni wanapasuka. Nilifurahi sana.

Baba alirudi akasimama mlangoni. Harufu ya gundi ilikuwa imejaa karakana nzima, nzito na ya vuguvugu, kama vile kopo liko motoni, na jiko la karakana halikuwa limewashwa. Kiungo cha chini kilikuwa kimeachia, kinatoa ute wa kahawia. Nyuzi za juu zilining'inia, nyingine zimejikunja kama nywele zilizoungua.

"Ya Rabi," Mzee Pazi akasema. "Nani katufanyia hivi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la mabanzi, nimeshaelewa kutoka kwenye uso wa baba kwamba hapa hakuna kunguni. Birika lilikuwa sakafuni, katikati, linanisema. Baba alilitazama. Kisha akatazama mabanzi, mahali palepale nilipokuwa. Akainama, akaliokota birika, akalirudisha jikoni kwa mama. Aliporudi alikunja mikono ya kanzu yake na kuanza kuweka jiriwa.

Jioni ile, jua bado lipo, wakaja wenyewe. Baba hakungoja wamkute. Aliwafuata barabarani.

"Bwana Anselmi, Mwalimu. Kimeharibika, na kimeharibikia mikononi mwangu. Nimekosa mimi."

Bwana Anselmi aliingia, akapita, akagusa nyuzi zilizokatika moja moja kama anayehesabu majeruhi. Akavua miwani. "Fundi, maji ya moto yamefikaje hapa?"

"Nimesema nimekosa mimi."

"Keshokutwa ni Jumapili!" Sauti ya mtu yule mpole ilipasuka. "Unajua Jumatatu ni nini? Unajua?"

"Najua, bwana."

Hapo ndipo nilipolia, na kilio kilinitoa nje ya maficho. Mwalimu Bertha akaja akapiga magoti kwenye maranda, mbele yangu, gauni lake zuri chini.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema. Mtu aliyefundishwa salamu huamkia hata anapokwenda kuchinjwa.

"Marahaba, Somoe. Ulikuwa unafanya nini?"

"Naua kunguni."

"Kunguni?"

"Wasimng'ate mtoto. Akija kulala."

"Mtoto gani, mama?"

"Wa kwenu. Hiki si kitanda chake?"

Baba alifunika uso kwa kiganja. Mwalimu alinitazama muda mrefu, na nilidhani atanipiga kofi, na nilikuwa tayari.

"Walikufa hao kunguni?" akauliza.

"Walilia pa, pa."

Alicheka. Kicheko kilianza kidogo, kikakua, kikageuka kitu kingine, na mumewe akaja akamshika mabega. Akajipangusa kwa mtandio. Kisha akachukua mkono wangu akauweka shingoni mwake, juu ya uvimbe, ambao ulikuwa wa moto na mgumu.

"Mtoto wetu halali kitandani," akasema. "Anakaa humu. Jumapili njoo umsikie."

"Mwalimu," baba akasema, "kama mtakubali Jumapili iwe hapahapa, kitaimba. Nikikihamisha kitaachia tena. Gundi haitakuwa imekomaa."

Jiriwa za baba hazikutosha kubana kiungo kilichovimba maji. Mama ndiye aliyeleta suluhisho, tena bila kuulizwa. Alikuja na kamba zake mpya za kitanda, akakizungushia kinubi pale chini mara nyingi, kisha akapenyeza kijiti katikati ya kamba na kukisokota, kamba ikaminya mbao kama chatu. Ndivyo alivyokaza vitanda. Bwana Anselmi alitaka kumzuia, akamwangalia anavyofanya, akamwachia.

Nyuzi alizileta Mzee Pazi. Jumamosi alfajiri alikwenda Feri, soko la samaki, akarudi na mishipi ya nailoni ya kuvulia, ya kila unene.

"Kata upime, mtani," akasema. "Huu mnene unavuta papa. Huu hapa vibua. Sauti ya kibua itatosha?"

Bwana Anselmi alikaa siku nzima anafunga na kukaza. Mshipi mpya unanyumbuka. Ukiukaza leo saa nne, saa tano umelegea. Alikaza, akasikiliza, akakaza.

Jumapili alasiri watu wa parokia walikuja Keko na viatu vyao vya kanisani, wakakaribishwa kwenye vitanda visivyokamilika. Walikaa kwenye mifumbati mitupu kama ndege. Mafundi wa jirani wakaacha kazi, nyundo za mtaa mzima zikanyamaza. Hata balozi wetu wa nyumba kumi alikuja, daftari kwapani.

"Ndugu fundi, mkutano huu una kibali?"

"Si mkutano, ndugu balozi. Tunajaribu kitanda."

Balozi akatazama, akaona kinubi kimefungwa kamba, akaona Mwalimu na mtandio wake. Akakaa.

Mwalimu alisimama karibu na mumewe, akatueleza wimbo kwanza, kwa Kiswahili chepesi, kama tupo darasani. Alisema ni wimbo wa zamani sana; mtu anaagana na mpenzi wake asubuhi, anamwomba asigeuke nyuma, maana akigeuka yeye hataweza kuondoka. Halafu akavua mtandio. Alituacha tuone.

Sijui kuwaeleza sauti ile, na nimejaribu mara nyingi. Ilikuwa na mchanga ndani yake pale juu, ikakwama mara mbili, na mara zote mbili Bwana Anselmi aliinua mikono kutoka kwenye nyuzi, akamngoja, wakaendelea pamoja. Nyuzi za mishipi zililegea kati ya wimbo na wimbo, akazikaza upya. Mama alisimama kwenye mlango wa ndani, mdogo wangu mgongoni, jicho lake halikutoka kwenye kile kijiti alichokisokota. Kilishika mpaka mwisho.

Jumatatu Mwalimu Bertha aliingia hospitali. Uvimbe ulitoka. Sauti haikurudi.

Hapa ndipo pagumu kwangu. Kila mtu alijua ni ugonjwa. Mimi nilijua ni birika. Alikuwa ameniambia mtoto wao anakaa shingoni; na mimi ndiye niliyemwaga maji ya moto. Hesabu ya mtoto ni fupi namna hiyo. Aliporudi shuleni, anafundisha kwa mnong'ono na kengele ndogo ya mkononi, nilibadili njia nisikutane naye. Miezi ilipita. Nilikonda, mama akanipeleka kwa daktari wa minyoo.

Nadhani baba alikuwa na daktari wake mwingine akilini. Siku moja alinibebesha kigoda kipya. "Peleka Chang'ombe, kwa Bwana Anselmi. Ukabidhi mkononi kwa Mwalimu. Usiache mlangoni."

Nilikabidhi macho yakiwa chini. Nikageuka. Akanishika bega.

"Mbona unanikimbia?" Mnong'ono wake ulikuwa mkavu kama msasa.

Nikamwambia. Yote, birika na shingo na sauti. Alisikiliza, akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Sikiliza vizuri, Somoe, kwa sababu siwezi kurudia kwa nguvu. Ni ugonjwa. Hata usingegusa kitu, ugonjwa ungekuwa huohuo. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Sema."

"Ni ugonjwa."

"Tena ukumbini ningewaimbia watu wanaonijua. Kwa baba yako waliacha nyundo wakaja kunisikiliza watu ambao nisingewapata maisha yangu yote." Alipumzika, koo limechoka. "Bwana. Tupigie."

Kinubi kilikuwa pembeni ya dirisha. Kamba za mama zilishafunguliwa, ila zilikuwa zimeacha alama kwenye mbao, mistari myembamba iliyozunguka pale chini, na nyuzi za juu bado zilikuwa mishipi ya Feri. Bwana Anselmi alikaa. Mwalimu aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya ubao wa kifuani, mahali palepale alipoweka wake siku ya kwanza, kisha akaweka kiganja chake juu ya changu.

Ulikuwa wimbo uleule wa kuagana. Mbao ilitetemeka chini ya vidole vyangu, ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya, nikaelewa, hakuwa akipima homa. Alikuwa akisikiliza kwa mkono. Bwana Anselmi alifika mahali ambapo sauti ilipaswa kuingia. Aliinua mikono yake kutoka kwenye nyuzi, akangoja, kama alivyomngoja Jumapili ile. Chumba kikawa kimya, mbao ikiendelea kutetemeka peke yake. Na Mwalimu akauminya mkono wangu, akalegeza, akauminya tena, neno kwa neno, mpaka ubeti ukaisha na mumewe akashusha vidole.